Mwalimu, hadithi za kale za watoto nazipata wapi huku Kigoma?

Mwezi huu barua na meseji nyingi mlizonitumia zimezungumza jambo moja, hadithi za kale, zile za miungu ya Wagiriki, mazimwi, asili ya milima na maziwa, na wengi mnaouliza ni wazazi mnaokaa na mtoto nyumbani kwa sababu hii au ile na mnamfundisha wenyewe. Nilifundisha darasa la 3 na la 4 hapa Ujiji mpaka nikastaafu, na katika vipindi vyote hakuna nilichokipenda kama kile cha mwisho cha Ijumaa tulichokuwa tunakifanya cha hadithi. Kwa hiyo nafasi yote nimewapa nyie. Wa maswali ya sare na michango mnisubiri toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mi ni mama wa watoto wawili, nakaa Mwanga hapa Kigoma mjini. Mkubwa ana miaka 10, alianguka kwenye mwembe akavunjika mguu, sasa yupo nyumbani na hogo na daktari kasema miezi kama mitatu asiukanyagie. Mwalimu wake ananitumia kazi kwa WhatsApp, hesabu na sayansi tunakwenda vizuri, shida yangu ni kwamba kaona katuni kwa jirani basi asubuhi Zeus jioni Zeus, anataka kujua kila kitu cha hao miungu. Nimezunguka maduka ya vitabu mjini nimekuta vya kiada na madaftari tu. Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Vitabu hivyo navipata wapi, na hivi kweli si kupoteza muda badala ya kusoma masomo yake? Mama wawili, Mwanga.

JIBU: Marahaba mwanangu, na mpe pole sana huyo kijana, miezi mitatu kwa mtoto wa miaka 10 ni mingi mno. Naanza na hilo la mwisho kwa sababu naona ndilo linalokuumiza. Hupotezi muda hata kidogo. Huyo akifika kwenye sayari kwa Kiingereza atakutana na Jupiter, Mars na Venus, na yote hayo ni majina ya miungu ya Waroma, Jupiter ndiye yuleyule Zeus wa Wagiriki kabadilishwa jina. Sisi kwa Kiswahili tumechukua majina kutoka Kiarabu, Mshtarii, Mirihi, Zuhura. Mkae jioni uani mkiiona ile nyota inayowaka sana upande wa magharibi baada ya jua kuzama juu ya ziwa, mara nyingi ni Zuhura, mwambie hiyo ndiyo Venus, utaona mtoto anavyokukodolea macho. Halafu akija sekondari kwenye fasihi simulizi ataulizwa visasili ni nini, visakale ni nini, ngano ni nini, na yeye atakuwa anavijua kwa kuvisikia na sio kwa kukariri. Kisasili ni hadithi ya asili ya vitu, kwa nini kuna kifo, ziwa lilitoka wapi, kwa nini kuna kiangazi. Za Zeus nyingi ni hizo.

Sasa vitabu. Kabla sijakwambia pa kuvitafuta nataka ufanye kitu kimoja ambacho hakikugharimu hata shilingi, mwanzie na ziwa analoliona dirishani. Tanganyika hii ina kisasili chake, na kiliandikwa kitambo sana, yule Stanley aliyemkuta Livingstone hapa Ujiji mwaka 1871 alirudi tena 1876, na safari hiyo ya pili akasimuliwa na watu wa hapa, akakiweka kwenye kitabu chake kilichotoka 1878. Mimi nakisimulia hivi:

Zamani hapa palipo na ziwa palikuwa na uwanda mpana wenye miji na mifugo. Kwenye mji mmoja waliishi mume na mke, uani kwao kulikuwa na kisima kirefu kimejaa samaki, na siku zote walikula samaki ambao hakuna mtu mwingine aliyewahi kuwaonja. Ilikuwa siri ya ukoo, baba kampa mwana na mwana kampa mwanawe, na mume kamkanya mkewe asimwonyeshe mtu. Siku moja mume akafunga safari ya Uvinza. Mke alikuwa na mtu wake wa pembeni, alishawahi kumpa kitoweo kile kwa siri na yule mtu hakulala kwa kutaka kujua nyama tamu namna ile inatoka wapi, akambembeleza mpaka mwanamke akamwingiza uani. Akaona maji yametulia, akamwona samaki anang'aa anapanda juu, akanyoosha mkono amguse. Pale pale ardhi ikapasuka, uwanda ukazama, maji yakafunika miji na watu na mifugo. Mume anarudi kutoka Uvinza, anafika mahali anapopajua, hakuna mji, kuna maji tu mpaka macho yanapoishia.

Kwa mtoto wa miaka 10 yule mtu wa pembeni mgeuze awe jirani mdadisi, hadithi haiharibiki. Ukimaliza usimwulize "tumejifunza nini", mwache aulize yeye. Wanafunzi wangu karibu wote waliuliza swali lilelile, kwani mume alifanyaje alipokuta maji? Nikawaambia wachore.

Kesho yake mpe sayansi. Ziwa hili limekaa kwenye bonde la ufa, ardhi kweli ilipasuka na kuzama, ila kwa mamilioni ya miaka na sio kwa siku moja, na ndio maana lina kina cha mita kama 1,470, duniani linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Mwambie aangalie, wazee waliosimulia kwamba ardhi ilipasuka hawakuwa na chombo chochote cha kupima. Mi mpaka leo nikifika hapo mwili unanisisimka.

Halafu ndio umlete Mgiriki. Mpe ya Pandora. Zeus aliwakasirikia watu kwa sababu Prometheus aliwaibia moto mbinguni akawapa, basi akaagiza atengenezwe mwanamke mzuri, Pandora, akapelekwa kwa Epimetheus, ndugu wa huyo Prometheus, na nyumbani humo kuna mtungi, Pandora akaufunua, yakatoka maradhi na taabu zote zikatawanyika duniani, akawahi kuufunika kimebaki kitu kimoja tu ndani, tumaini. Wengi wanasema sanduku la Pandora ila kwa Wagiriki wenyewe ulikuwa mtungi, mtungi mkubwa wa kuwekea nafaka au mafuta kama ile ya mawese tuliyokuwa nayo kwa bibi zetu, sanduku limeingia karne ya 16 kwa kosa la mtafsiri. Sasa muwekee mtoto viwili hivyo pamoja, kisima cha Ujiji na mtungi wa Pandora. Siri, katazo, mkono wa mtu asiyeweza kujizuia, halafu dunia inabadilika. Mwache atafute vinapofanana na vinapotofautiana, muda wote huo anafanya kazi ya fasihi ambayo wengine wanaikuta kidato cha 3.

Pa kupata vitabu. Kwa simu, tafuta African Storybook, ni mradi wa Afrika Kusini, una hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika na za Kiswahili ni nyingi, zote bure, unadaunlodi kwa bando dogo tu usiku halafu unasoma bila intaneti. Kuna na StoryWeaver ya Pratham Books ya India, nayo bure, nayo ina Kiswahili. Zote mbili zinakuruhusu kuprinti, peleka faili steshenari wakutolee nyeusi na nyeupe, mtoto apake rangi mwenyewe, kwa mtu aliyekaa kitandani na hogo hiyo ni kazi ya siku mbili nzima. Ila nikwambie ukweli, humo utakuta sungura na fisi na mazimwi zaidi kuliko Zeus.

Vya Wagiriki vingi vilivyoandikiwa watoto viko kwa Kiingereza, na hapo Kiingereza cha kuungaunga kinatosha kabisa, sikutanii. Fanya hivi, usiku watoto wakishalala soma kurasa nne tano na kamusi pembeni, kesho msimulie kwa Kiswahili chako. Atakayesikia ni hadithi ya mama yake, hatajua ulikwama wapi. Majina yaandike kwenye karatasi kubwa ukutani, Zeus, Hera, Poseidon, Hades, Demeter, na nani mtoto wa nani. Ulizia maktaba ya mkoa, watu wengi mjini hapa hawajawahi kuingia, waambie unatafuta hadithi za kale za watoto wakuangalizie kwenye rafu za Kiingereza maana vitabu vya msaada huwa vinachanganyika humo. Ukiwa na mtu anakuja na treni au basi kutoka Dar, mwagize, kule wapo wauza vitabu vya mtumba na huko ndiko vitabu vya visasili vyenye picha vinakopatikana kwa bei ya kueleweka.

Kabla hujampa kitabu chochote cha Wagiriki kipitie. Zeus ana visa vya wanawake ambavyo mtoto havimhusu, na kuna za kuchinjana. Kilichoandikwa kwa watoto kinaruka hayo, cha watu wazima hakiruki. Anza na Pandora, kisha Persephone na punje za komamanga, ambayo inaeleza kwa nini kuna msimu ardhi haizai kitu, kisha Icarus na mbawa za nta. Hiyo ya Persephone isome mwezi wa 7 au wa 8 nyasi zikiwa zimekauka, huku kwetu mvua ikikata mwezi wa 5 ndio mpaka wa 10 au 11, mtoto ataielewa vizuri zaidi.

Na la mwisho kwako, mtengenezeeni kitabu chenu. Mimi nilikuwa nafanya hivi darasani: karatasi kumi zikunjwe katikati, jalada ukate boksi la sabuni, toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa msumari, halafu ushone kwa uzi wa nyavu, ule wa kushonea nyavu za dagaa, ukiuliza mwaloni watakupa kipande bure. Uzi wa kawaida unakatika baada ya wiki, wa nyavu ninavyo vitabu vya wanafunzi mpaka leo karatasi imegeuka njano ila mshono haujaachia. Ukurasa wa kwanza aandike kisima, wa pili mtungi, aendelee hivyo. Hogo likitolewa atakuwa na kitabu chake.

SWALI: Habari Mwalimu, mimi ni baba wa vijana watatu hapa Tabora. Wanangu wamezama kwenye sinema za Thor, hawataki kusikia za kwetu, wanasema za kwetu ni sungura tu. Mke wangu na mimi tuna wazo la kuwatoa shule kabisa tuwafundishe nyumbani na hadithi iwe sehemu kubwa. Tunaomba mwongozo wa vitabu. Baba wa Isevya.

JIBU: Salama ndugu yangu, natumai huko maembe ni mazuri. Hilo la kuwatoa shule kabisa ongea kwanza na afisa elimu kata wako, elimu ya msingi hapa nchini ni lazima kisheria na mtoto anatakiwa awe ameandikishwa, usije ukafika darasa la 7 hana pa kufanyia mtihani. Jioni na likizo ni zako zote, na zinatosha sana.

Kuhusu Thor usiwakataze. Thor ni mungu wa radi wa watu wa kaskazini ya Ulaya, Norway, Iceland na huko, na siku ya Thursday kwa Kiingereza imepewa jina lake, wakijua hilo hawasahau tena tahajia yake. Wanachokosa vijana wako ni shujaa wa kwetu wa ukubwa uleule, na yupo, tena yupo kwa jirani zenu kabisa Wasukuma. Anaitwa Masala Kulangwa. Masala kwa Kisukuma ni akili, na hadithi yenyewe inaonyesha.

Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yote, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye rundo la pumba. Akazaa mtoto wa kiume. Mtoto anakua anauliza, mama mbona tuko wawili tu, watu wengine wako wapi? Mama akamweleza. Siku moja mtoto akaua panzi akaja nyumbani anaimba kwamba kamuua Shing'weng'we, mama akasema hapana mwanangu huyo ni panzi, tumchome tule. Siku nyingine akaja na ndege, akaimba tena, mama akasema huyo ni ndege. Akaja na swala, hapana huyo ni swala. Mpaka alipokuwa mkubwa kweli akaliendea zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, wakatoka watu wote wazima, na baba yake yumo. Wakati anapasua kisu kikamkata bibi mmoja sikio. Bibi akakasirika vibaya, akatafuta kumdhuru. Mi sehemu hiyo ya sikio ndiyo naipenda kuliko zote, maana huyu katoka tumboni mwa zimwi leo hii na ana hasira ya sikio, na watoto huwa wanabishana saa nzima kama bibi ana haki au hana.

Wasimulie hiyo na wimbo wake uutunge wewe mwenyewe, panzi, ndege, swala, waimbe wote. Halafu siku ya pili wape ya Kronos, baba yake Zeus, aliyeambiwa kwamba mtoto wake atampindua, akawa anawameza watoto kila wakizaliwa, watano kawameza, wa sita mama akamficha na badala yake akampa Kronos jiwe limefungwa kwenye nguo, akameza jiwe. Mtoto aliyefichwa ndiye Zeus, akakua akarudi akamlazimisha baba atapike ndugu zake wote. Na huko Lesotho wana zimwi lao Kholumolumo, nalo lilimeza kila mtu akabaki mama mjamzito, na mwanawe akaja kulipasua. Hebu waulize hao vijana, Lesotho, Usukuma na Ugiriki, nani kamwambia mwenzake? Wasitoe jibu haraka, wachore ramani kwanza wapime umbali.

Kama mnapata nafasi ya kufika Mwanza, pale Bujora karibu na Kisesa kuna makumbusho ya Wasukuma, wataona ngoma na viti vya watemi kwa macho yao, na kwa mtoto aliyekwisha sikia Shing'weng'we hiyo safari ina uzito mwingine. Vitabu vya Kiswahili ulizia vya Mkuki na Nyota wa Dar, wana vya watoto vyenye picha nzuri. Na msiwaache na sungura wa darasa la 1 milele, wape Fumo Liyongo, jitu la pwani ya kaskazini ya Kenya, mshairi na mpiga mishale, aliyefungwa gerezani na mama yake akamletea tupa ndani ya mkate wa pumba. Kuna utenzi wake ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Vijana wa sinema wataelewa kwamba na sisi tunao.

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Mke wangu anawafundisha watoto nyumbani jioni na kaanza kuwasimulia habari za miungu ya Wagiriki na Wamisri. Mama yangu kaudhika, anasema tunawatia watoto shirki. Mimi nipo katikati. Tunafanyaje? Baba wa Ujiji.

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Mama hajakosea kuuliza, na usimjibu kwa kumwona hajasoma. Mtu mzima akiona mjukuu anataja miungu kumi lazima ashtuke. Mi nakupa njia niliyoitumia darasani ambako nilikuwa na watoto wa Kiislamu, wa Kikristo, na mmoja wa familia ya Kihindu, na hakuna mzazi aliyekuja kulalamika.

Ni suala la kitenzi tu. Wagiriki wa kale waliamini. Wahindu wanaamini. Sisi tunaamini. Mke wako akisimulia Zeus aanze kila mara na "Wagiriki wa kale waliamini kwamba", asiseme "Zeus ndiye mungu wa radi" akakatisha hapo, na watoto wakirudia kusimulia nao waseme hivyohivyo. Ni kitu kidogo ila kinaweka ukuta mahali panapotakiwa. Hadithi za Kihindu kama za Ganesha mwenye kichwa cha tembo ni za watu walio hai, wanasali leo, kwa hiyo zinasimuliwa kwa adabu kama vile unavyotaka jirani asiye Mwislamu azungumze juu ya dini yako. Na visa vya mitume usiviweke kwenye kapu hilo kabisa, mtoto akisema Nabii Yunus alimezwa kama Shing'weng'we alivyomeza watu, mwambie kwa upole kwamba kile tunakiamini na hiki tunakisimulia.

Mweleze na mama kwamba wasomaji wa Kiarabu wenyewe wanayo Iliad, ule utenzi mkubwa wa Wagiriki wa vita vya Troy, ilitafsiriwa kwa mashairi ya Kiarabu na Sulayman al-Bustani ikatoka Cairo mwaka 1904. Halafu muombe yeye awe anafunga kipindi, baada ya hadithi ya Wagiriki bibi awasimulie kisa kimoja cha kwake. Ukimpa mama kiti hatabaki mlangoni.

SWALI: Mwalimu shikamoo, bibi yetu yupo Kasulu, anajua hadithi za Waha nyingi sana ila anasimulia kwa Kiha na wanangu wamezaliwa mjini hawaelewi. Nirekodi? Au itakuwa kumkosea? Mama Kasulu.

JIBU: Marahaba. Rekodi, na rekodi mwaka huu, usingoje Desemba. Mwombe ruhusa kwanza na umwambie ni za wajukuu, wazee wengi wanafurahi, wanachokasirika ni kurekodiwa kwa kificho. Weka simu juu ya mto wa kulalia na sio mezani, maana meza inabeba kila mgongano wa kikombe. Usirekodi mvua inaponyesha kwenye bati, mimi nina saa nzima ya marehemu shangazi yangu sisikii kitu zaidi ya mvua, na kila nikiisikiliza nalia. Mwache aseme Kiha chake chote bila kumkatiza, na pale anapoimba usiguse, nyimbo hazitafsiriki kirahisi na ndizo watoto watakazoshika kwanza. Kutafsiri kaa na mtu mzima anayejua lugha zote mbili, sentensi kwa sentensi, andika Kiha ukurasa wa kushoto na Kiswahili wa kulia. Neno kama Imana liache lilivyo, weka maelezo kwamba ndiye Mungu, na watoto wakija kukutana na Mrundi au Mnyarwanda watashangaa kuona neno ni lilelile. Jina la bibi liandike juu kabisa, "imesimuliwa na bibi", jina lake kamili, na tarehe.

Faili zihamishe kwenye memori kadi mbili, moja ikae kwa ndugu mwingine. Simu zinadondoka ziwani kila siku.

SWALI: Nilituma hela kwa mtu aliyetangaza seti ya vitabu vya hadithi za dunia, akaniambia parseli iko kwenye basi, sasa wiki tatu na simu hapokei. Msomaji, Kibondo.

JIBU: Pole sana. Tunza meseji za muamala wote, toa taarifa kwa mtandao wako wa simu na polisi mapema. Siku nyingine omba akupigie video akifunua kurasa za kitabu chenyewe, na hela itoke parseli ikiwa mkononi mwa wakala wa basi. Wakati unasubiri una hizo za bure nilizomtajia mama wa Mwanga hapo juu, anza nazo leo.

SWALI: Shikamoo Bibi Mwalimu. Mimi nina miaka 11, nakaa Kibirizi. Baba anavua dagaa. Dada ananisomea gazeti. Je kuna hadithi za zamani za wavuvi kutoka nchi nyingine? Mimi nasomea nyumbani kwa sasa kwa sababu ya kifua. Nataka kumsimulia baba.

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, upone haraka. Zipo, nakupa mbili.

Watu wa kaskazini waliamini kwamba ndani ya bahari kuna nyoka mkubwa ameizunguka dunia nzima mpaka anauma mkia wake. Thor akaenda kuvua na jitu moja linaitwa Hymir. Chambo Thor alichukua kichwa cha ng'ombe dume, kichwa kizima, akapiga makasia mbali kuliko wavuvi wote wanapofika, akatupa ndoano. Nyoka akameza. Thor akavuta kwa nguvu mpaka miguu yake ikatoboa chini ya mtumbwi ikagusa mchanga wa baharini, kichwa cha nyoka kikatokea juu ya maji, wakatazamana. Thor ananyanyua nyundo ampige, Hymir kwa hofu akachukua kisu akakata mshipi. Nyoka akarudi chini. Muulize baba kama na yeye angekata.

Ya pili ni ya Wamaori wa New Zealand. Kijana anaitwa Māui, kaka zake hawakutaka kwenda naye kuvua, akajificha ndani ya mtumbwi. Walipofika kina kirefu akajitokeza, akatoa ndoano aliyoichonga kwenye mfupa wa taya la bibi yake, akavua samaki mkubwa asiyeweza kuingia kwenye mtumbwi wowote, na samaki huyo akawa kisiwa. Mpaka leo kisiwa cha kaskazini cha New Zealand kwa Kimaori kinaitwa samaki wa Māui. Tafuta ramani, kiangalie, ukigeuze geuze mpaka uone kichwa kiko wapi na mkia uko wapi.

Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawafuati taa na baba anakuwa nyumbani jioni, msimulie siku hizo. Na yeye muombe akwambie kitu kikubwa kuliko vyote alichowahi kukiona ziwani usiku, dada aandike, mnitumie.